Msimu bora uliopita mikononi mwa mikoa

Jarida limeuliza wiki hii ni msimu gani wa Ligi Kuu Tanzania Bara uliokuwa bora kuliko yote. Wengi watajibu kwa kuhesabu makombe ya Simba na Yanga. Mimi nauliza kwanza ni msimu gani uliompa mtu wa mkoani sababu ya kuamini kwamba ligi hii ni yake pia, na hapo nataja 2013/14 bila kusita. Azam ilitwaa ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 26, na Mbeya City, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilimaliza nafasi ya tatu, juu ya Simba.

Nilikuwapo Uwanja wa Sokoine Aprili 13, 2014, Azam ya kocha Joseph Omog ilipokuja Mbeya kutafuta ushindi wa kuitawaza. Majukwaa yalikuwa ya zambarau, rangi ya Mbeya City, na kelele hazikukoma tangu wachezaji walipotoka kupasha misuli. Gaudence Mwaikimba, mwenye jina la kwetu kabisa, ndiye aliyetufunga kwanza, na minong'ono ikapita jukwaani kama ya ukoo uliogawanyika. Mwagane Yeya aliposawazisha, watu wasiofahamiana walikumbatiana, na kwa muda ule niliamini kwa dhati kwamba vijana wa kocha wetu Juma Mwambusi wangeahirisha sherehe ya wageni. Kisha John Bocco akafunga la pili. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, jirani yangu, mzee aliyekuwa amenyamaza tangu bao hilo, alisimama akawapigia makofi wachezaji wetu, halafu akawapigia na wa Azam, nasi tuliokuwa karibu naye tukamfuata. Sijaona tena uwanja wa nyumbani ukimsindikiza bingwa mgeni kwa heshima ya namna ile.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyouona msimu ule kwa jicho kali zaidi. Azam ni timu ya Chamazi, yenye uwanja wake na fedha za Bakhresa; kombe lilihama mtaa, halikutoka Dar es Salaam. Mwaka 2015 mchezaji wa Mbeya City, Deus Kaseke, alikwenda Yanga, na kabla mwaka haujaisha Mwambusi naye akafuata, akiwa kocha msaidizi. Siwalaumu, kwa maana mchezaji na kocha wana familia za kulisha, lakini timu inayoishi kwa viingilio na mfuko wa halmashauri haiwezi kuziba mapengo ya namna hiyo kila mwaka. Tangu hapo hadi 2024/25 ubingwa haukutoka tena kwa Simba na Yanga. Mbeya City ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, na mwaka uliofuata ikashuka Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000.

Kwa hiyo, kama kura ni moja tu, naiondoa 2013/14 na kuipeleka 1986, Tukuyu Stars ilipopanda na kutwaa ubingwa papo hapo, kombe likaenda Rungwe. Nakiri kwamba ligi ya wakati ule haikuwa na fedha wala wachezaji wa kigeni kama sasa, hivyo ulinganisho una upungufu wake. Kwa ubora wa soka uwanjani, atakayeitaja Yanga ya 2021/22, iliyomaliza bila kufungwa, sitabishana naye.