Maswali ya raga: mtoto aanze lini, ale nini, amwamini nani

Meseji nyingi za wiki hii zimetoka Dodoma mjini na wilaya zake. Karibu zote zinauliza kijana wa huku kwetu atafikaje kwenye raga ya kulipwa. Nimechagua hizi.

"Mwanangu ana miaka 11, shuleni wameanza kuchezeshwa raga. Nimeona video za watu wakikumbana, nikaogopa. Nimkataze?" (Mama, Nkuhungu)

Usimkataze, mama, ila nenda mwenyewe uwanjani ukaone anavyofundishwa. Raga inayofaa umri wake ni ile ya vitambaa: kila mtoto anavaa vitambaa viwili kiunoni, na anayemzuia mwenzake anachomoa kitambaa, hamwangushi. Humo anajifunza karibu kila kitu atakachokihitaji ukubwani: kukimbilia penye nafasi, kutoa pasi ya nyuma bila kupunguza mwendo, kuinua macho.

Kuangushana kuje baadaye na polepole. Kocha anayeijua kazi anaanza na watoto wakiwa wamepiga magoti: macho juu, kichwa kinapita pembeni, shavu linagusa tako la anayekabwa, mikono inazunguka mapaja na kubana. Kichwa kikienda mbele ya mwili wa mwenzake, filimbi inalia palepale na wanaanza upya. Angalia na ardhi pia. Kiangazi cha Dodoma kinakausha viwanja mpaka vinakuwa kama sakafu ya saruji, na miiba haikosekani. Pasipo na nyasi wala mchanga, wabaki na vitambaa mpaka mvua zije. Hawapotezi chochote.

"Nina miaka 16 na kilo 58. Wenzangu wanasema bila poda za kujaza mwili sitaitwa popote." (Kijana, Mpwapwa)

Si kweli, mdogo wangu. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini ana urefu wa mita 1.7 na ushee tu, na ametwaa Kombe la Dunia mara mbili, 2019 na 2023. Kwenye fainali ya 2019 alifunga trai (bao la kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) kwa chenga na mbio. Mwili wako bado unakua. Ugali wa uwele, maharage, karanga, mayai, maziwa na dagaa vitakujenga, na sokoni kwenu vipo. Poda nyingine zina vitu visivyoandikwa kwenye kopo, na mchezaji akipimwa akakutwa navyo anafungiwa hata kama hakujua.

Piga pushapu, panda vilima vya huko kwenu, kimbia mbio fupi za kasi, lala mapema. Vyuma vizito subiri upate wa kukusimamia. Riadha usiache: Carlin Isles wa Marekani alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi kabla hajaingia raga ya wachezaji saba.

"Mpwa wangu wa sekondari aligongwa kichwa mazoezini, akaona giza kidogo. Aliambiwa anywe maji arudi uwanjani. Jumamosi ana mechi." (Mjomba, Kisasa)

Jumamosi asicheze. Hili silipunguzi hata kidogo. Mwongozo wa World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, ni kwamba mchezaji anayehisiwa tu kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa, na siku hiyo harudi. Si lazima azimie. Kuona giza, kichwa kuuma, kuyumba, kichefuchefu, kusahau, au hasira ambazo si kawaida yake, mojawapo linatosha.

Mpeleke hospitali leo, hata kama anasema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kiasi au akipata degedege, mkimbize usiku huohuo. Pigo la pili juu ya la kwanza ambalo halijapona linaweza kuua, na vijana ndio walio hatarini zaidi. Kwa ngazi ya shule na mitaa, kurudi kwenye mechi ni baada ya siku 21 au zaidi: kwanza masomo, kisha mbio nyepesi, kisha mazoezi yasiyo na kugongana, na dalili zikijitokeza anarudi nyuma hatua moja. Kocha aliyemrudisha uwanjani mwendee umweleze haya kwa heshima, ila usikubali kushawishiwa.

"Sina mpira wa raga wala magoli. Nianzie wapi?" (Mwalimu wa michezo, Kongwa)

Mwalimu, anza na kozi za bure za World Rugby mtandaoni, za ukocha na huduma ya kwanza. Simu inatosha. Raga ya vitambaa haihitaji magoli. Ukipata fedha za mipira, watoto wa miaka 10 hadi 14 watumie mpira wa saizi namba 4, na kuanzia 15 namba 5. Ningekushauri uelekee raga ya wachezaji saba: kipindi ni dakika 7, na bonanza zima linaisha kabla jua halijawa kali. Majirani zetu Kenya walitwaa taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30–7 katika raga hiyohiyo.

"Wasichana nao wanalipwa?" (Binti wa miaka 15, Chamwino)

Ndiyo, ingawa ni katika nchi chache. Timu ya wanawake ya Kenya imecheza Olimpiki za Rio na Tokyo, na fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ya 2025 jijini London ilijaza uwanja kwa watu zaidi ya 81,000. Anza sasa.

"Nina miaka 19. Mtu anayejiita wakala anataka laki tatu za fomu anipeleke majaribio Ufaransa." (Kijana, Chang'ombe)

Usitume hata shilingi. Klabu inayokutaka haikutozi, na mchezaji anayehama nchi anahitaji kibali cha chama cha raga cha kwao, kwa hiyo uliza kwanza chama chetu cha taifa. Mwombe huyo wakala jina la klabu, kisha iandikie mwenyewe kupitia tovuti yake.

Raga ya nchi hii imekita zaidi Arusha na Dar es Salaam. Tafuta klabu huko, cheza msimu mzima, omba mtu akurekodi mechi kamili, siyo vipande vya trai tu, maana kocha anataka kuona unafanya nini usipokuwa na mpira. Ukishaimarika, tazama ligi za Nairobi na Kampala. Na kama uko chuoni, maliza chuo kwanza.