Mtoto kubaki garini pale Mwaloni "dakika tano tu"

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka miwili aliyelala anaweza kubaki garini, vioo vimeshushwa kidogo, wewe ukiingia Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kuchukua dagaa. Hapana, mbebe. Upepo wa ziwa unadanganya: nje inaweza kuwa nyuzi 28 tu, lakini gari lililoegeshwa juani hupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na halikomei hapo. Kushusha kioo vidole viwili hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wako. Mwili wake ukifika nyuzi 40 ni hatari ya maisha. Halafu dakika tano za Mwaloni nani asiyezijua? Kupatana bei, mizani, chenji... Kivuli nacho kinahama. Mzigo mpe mtu wa mkokoteni, mtoto akae mgongoni na kanga.

Na ukimkuta mtoto wa mwenzio kalegea garini, milango imefungwa, usimsubiri mwenye gari. Vunja kioo kilicho mbali naye, mtoe, mpeleke kivulini, mloweshe maji, mpepee, wahi hospitali.