Mvumo Unaopanda Pamoja na Mwendo wa Gari

SWALI: Gari langu dogo la otomatiki, linalovutwa na magurudumu ya mbele, limeanza kutoa mvumo mzito. Nikiwa mjini sisikii chochote, lakini nikishika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam mvumo unaanza kwenye kilomita 60 kwa saa na kuzidi kadiri ninavyoongeza mwendo. Fundi amenishauri nibadilishe gia boksi nzima. Je, nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali kwanza, ndugu msomaji, kwa sababu dalili ulizozieleza zinaelekea zaidi kwenye beringi ya gurudumu (kifaa chenye gololi kinacholiwezesha kuzunguka kwa ulaini) au kwenye tairi, na vyote viwili huchunguzwa bila kufungua gia boksi.

Anza kwa kutenganisha sauti ya injini na sauti ya magurudumu. Ukiwa kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari mengi, hamishia gia kwenye N (gia huru) kwa sekunde chache huku injini ikiendelea kuwaka. Usiizime kamwe, kwani usukani utakuwa mzito na breki zitapungukiwa nguvu. Mzunguko wa injini ukishuka na mvumo ukabaki vilevile, injini haihusiki.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokithamini zaidi. Ukikata kona pana ya kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ya upande huo hulalamika zaidi. Ukipinda kushoto, hunyamaza au hupungua. Kwa hiyo mvumo unaoongezeka kwenye kona za kulia humfanya fundi makini aanze na gurudumu la kushoto. Tairi lililolika bila usawa nalo huvuma, ila sauti yake hubadilika sana unapotoka kwenye lami yenye kokoto nyingi na kuingia kwenye lami laini, na ukihamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, sauti nayo huhama.

Kisha gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Fundi azungushe gurudumu kwa mkono mmoja na kugusa springi kwa mkono wa pili: beringi iliyochakaa huhisiwa kama mchanga unaosagika. Wengi hulitikisa gurudumu tu na, lisipocheza, hutamka kwamba ni zima. Hilo ni kosa, kwa kuwa beringi inaweza kuvuma muda mrefu kabla ya kulegea. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) ikiwaka kipindi hichohicho, mweleze fundi, maana katika magari mengi kihisi cha mwendo hufanya kazi pamoja na beringi.

Hadi hapo usianze safari ndefu, kwani beringi ikiachwa hupata moto na mwishowe gurudumu linaweza kukwama. Vipimo hivi vikishindwa kuonyesha kasoro, hapo ndipo difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya pande mbili) na gia boksi vichunguzwe.

SWALI: Nikikata usukani hadi mwisho na kuondoka, nasikia "ka-ka-ka" upande wa mbele. Nini hiyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Karibu kila mara ni jointi ya ekseli ya mbele, yaani kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limepinda. Chungulia nyuma ya gurudumu: mpira unaoifunika ukiwa umechanika na grisi imetapakaa kwenye rimu, vumbi limeshaingia, na kubadilisha mpira peke yake hakutaiponya jointi ambayo tayari inagonga.