Maswali na Majibu: Vitasa vya Stenlesi na Hewa Ukaa

Toleo lililopita niligusia kwamba vitasa na bawaba za stenlesi hubeba hewa ukaa nyingi kuliko vinavyoonekana, yaani ile gesi iliyotolewa wakati wa kuvitengeneza. Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini mmeandika kwa wingi. Nimechukua maswali haya matano.

Najenga Uyole, nyumba ya milango minane. Muuzaji ananiambia stenlesi ndiyo chuma kisafi. Ni kweli? – Mama mjenzi

Usafi anaokuuzia, mama, ni wa kutoshika kutu. Tanuruni mambo ni mengine. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Ile ya daraja la 304, inayotumika sana kwenye vitasa, ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi, na hao wawili ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Nikeli nyingi duniani sasa hivi inatoka Indonesia, ambako viwanda vingi vya kuyeyusha vinatumia umeme wa makaa ya mawe. Kromi, ambayo Afrika Kusini inaongoza kuichimba, nayo inakula umeme mwingi kuyeyushwa. Kukata bati, kukunja, kutoboa matundu ya skrubu na kung'arisha vinaongeza kidogo tu.

Kwa hiyo kilo moja ya stenlesi inaweza kuwa imetoa kilo 2 za hewa ukaa, au ikapita 6, kutegemea chuma chakavu kiasi gani kilitiwa tanuruni na umeme ulitoka wapi.

Sasa tupige hesabu ya nyumba yako. Bawaba ya inchi 4 ina uzito wa kama gramu 200. Tatu kwa mlango, pamoja na kitasa na mikono yake, tuseme kilo 1.5. Milango minane ni kilo 12, na kwa kipimo cha kati cha 4 unapata kilo 48 za hewa ukaa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unabeba kati ya 30 na 45. Yaani vitasa vya nyumba nzima ni kama mfuko mmoja na kidogo wa saruji. Usikose usingizi kwa ajili ya kitasa wakati fundi anamwaga zege nene kuliko ramani inavyotaka. Cha kukupa wasiwasi ni kununua kitasa kile kile mara tatu.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa duka la vifaa Makambako. Uchafu mkubwa si ni ile meli ya kutoka China? – Muuza vifaa

Marahaba, mwanangu. Hapana. Meli ya makontena hutoa kama gramu 10 hadi 20 kwa kila tani kwa kilomita. Kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 10,000, kwa hiyo tani moja ya vitasa imetoa kilo 100 hadi 200, wakati chuma chenyewe kimetoa tani kadhaa. Lori la kutoka Dar kupanda hadi Mbeya, kilomita 800 na ushee, linaongeza kati ya kilo 50 na 80. Kipande hicho kifupi cha barabara kinakaribia nusu ya bahari yote. Mzigo ukipanda reli ya TAZARA hewa ukaa inapungua, lakini hata hivyo hesabu kubwa inabaki tanuruni.

Tukuyu mvua haikatiki. Ninunue daraja la 316? – Msomaji wa Rungwe

Hapana. 316 imeongezewa metali iitwayo molibdenamu na nikeli zaidi ili kustahimili chumvi, na Tukuyu hakuna chumvi ya bahari. Hata Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, maji hayana chumvi. 304 inatosha kabisa mlango wa nje. Vyumba vya ndani visivyo na unyevu, bawaba ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi inatosha, na mzigo wake ni mdogo.

Nilifunga vitasa vya stenlesi, miezi michache vikatoka madoa ya kahawia. Nimeibiwa? – Fundi, Mafinga

Inawezekana, fundi, lakini kwanza kumbuka vigae vilisafishwa na nini. Asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae inakula stenlesi, na mvuke wake tu unatosha. Pia angalia kama mtu alikata nondo kwa grainda karibu na milango: zile cheche zikitua juu ya kitasa zinashika kutu, na doa linaonekana kama la kitasa. Safisha vigae na maliza kukata vyuma kabla ya kufunga vitasa. Tena tumia skrubu za stenlesi, maana skrubu ya kawaida itaoza bawaba ikiwa bado nzima. Na mbao za paina za huko kwenu zikifungwa mbichi zitasinyaa, skrubu zitalegea, mwenye nyumba atang'oa bawaba isiyo na kosa. Hapo ndipo hewa ukaa inapopotea bure, na inaniuma kila nikiona.

Vitasa vya zamani nivipeleke wapi? Na chuma cha Liganga kikianza kuchimbwa, si tutatengeneza vyetu? – Mstaafu, Mwanjelwa

Wapelekee wa chuma chakavu, mzee wangu, lakini usivichanganye na mabati na nondo. Jaribu sumaku: 304 haishiki, au inashika kwa shida. Sumaku pekee haitoshi, kwani kitasa cha zinki kilichopakwa kromi nacho hakishiki, ila ukikikwangua kwa tupa rangi ya ndani inakuwa nyingine. Stenlesi iliyotengwa inarudi kuwa stenlesi na nikeli yake. Ikiyeyushwa na nondo, kromi inaishia kwenye taka za tanuru.

Liganga, kule Ludewa, ina chuma, na Mchuchuma jirani yake ina makaa ya mawe. Chuma peke yake hakifanyi stenlesi. Nikeli tunayo Kabanga, wilayani Ngara, na ni ya salfaidi, yaani iliyo kwenye mwamba wenye salfa, ambayo kwa kawaida huyeyushwa kwa hewa ukaa pungufu kuliko ile ya Indonesia. Kromi ingebidi tuiagize. Siku tanuru la stenlesi likijengwa hapa kwetu, swali la kuwauliza wahusika ni moja: litatumia umeme wa maji au makaa ya Mchuchuma?