Kabla hujaisifia jeni, pima kwanza mafuta yaliyoibeba

Wanafunzi wanaoanza kazi kwenye maabara za kinga ya mwili huniuliza sana watumie kipimo gani kujua kama chembe zao za nano zimefikisha jeni ndani ya seli. Jibu langu halibadiliki: kabla ya kipimo chochote, tengeneza chembe tupu. Mafuta yaleyale, ukubwa uleule, ila ndani hamna mRNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini.

Chembe hizi huundwa kwa aina nne za mafuta: lipidi inayobadili chaji, fosfolipidi, kolesteroli na lipidi yenye mkia wa PEG (polima inayopenda maji). Ndizo zilizobeba chanjo za mRNA za UVIKO-19, na kabla ya hapo patisiran, dawa ya kunyamazisha jeni kwenye ini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Wengi huziona kama chombo cha kubebea tu, lakini seli za kinga hazizioni hivyo. Lipidi inayobadili chaji ndiyo inayotoboa endosomu, kifuko kilichoimeza chembe, asidi inapopanda humo. Na lipidi hiyohiyo huweza kuwasha uvimbe na kupandisha IL-6, protini ya ishara ya uvimbe, hata pasipo jeni yoyote. Kwenye chanjo hilo linasaidia. Kwenye tiba ya jeni linakuumiza, maana seli iliyoshtuka na kutoa interferoni (protini ya tahadhari dhidi ya virusi) hupunguza utengenezaji wa protini, ikiwemo ile uliyokuja kuitafuta.

Mimi hulitazama hili kwenye seli za dendriti, seli za kinga zinazowaonyesha wenzao adui, zinazokuzwa kutokana na damu. Ukishaizungusha damu kwenye mashine, seli unazozitaka hukaa kama utando mweupe wenye ukungu, juu yake plazma ya njano, chini seli nyekundu za damu zimetuama. Unazivuta taratibu kwa pipeti, unatenga monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), kisha unazilea siku kadhaa kwa GM-CSF na IL-4, protini za ishara zinazozigeuza kuwa seli za dendriti. Zikiwa changa huonekana za mviringo, zimelegea. Zikiamka hutoa mikono mirefu na CD86, alama ya kuamka iliyo juu ya seli, hupanda. Nikiona mikono hiyo kwenye kisima (kishimo cha sahani ya maabara) cha chembe tupu, sina haja ya kuihukumu mRNA kwanza.

Ikiwa chembe tupu imetulia ila yenye mRNA inawasha, hapo ichunguze mRNA yenyewe. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba RNA iliyobadilishwa nukleosidi (vijenzi vyake) haiziamshi seli za dendriti kama ile ya kawaida, kazi iliyowapa Nobel mwaka 2023. Lakini mabadiliko hayo peke yake hayatoshi: mabaki ya RNA yenye nyuzi mbili lazima yasafishwe.

Endotoksini nayo isikuponyoke. Ni uchafu wa bakteria usioonekana, na monosaiti huugundua hata ukiwa kidogo mno. Tatizo ni kwamba mafuta ya chembe huweza kuuficha usionekane kwenye kipimo. Kwa hiyo tia kwenye sampuli endotoksini ya kiasi unachokijua, uone kama kipimo kinaisoma yote. Kisipoisoma, usiliamini jibu la "safi".

Kwa makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, nakuomba subira zaidi. Humeza karibu kila kitu, na zenyewe hung'aa kidogo chini ya mwanga wa leza. Chembe kumezwa si sawa na jeni kufanya kazi; weka alama moja kwenye chembe, nyingine iwe protini inayotokana na mRNA, uzisome kila moja peke yake. Seli T, seli nyeupe zinazoshambulia seli zilizoambukizwa, ni kinyume chake, hazimezi kirahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walibandika kwenye chembe kingamwili dhidi ya CD5 (protini iliyo juu ya seli T), na mwaka 2022 wakaonyesha kwamba seli T za panya zinaweza kugeuzwa kuwa CAR-T, yaani seli T zilizopewa kipokezi kipya cha kutambua shabaha, ndani ya mwili.

Na damu ya mtu mmoja haitoshi. Kuna wachangiaji ambao seli zao huwaka kwa dozi ambayo za wengine haziitikii kabisa. Onyesha nukta ya kila mchangiaji kwenye grafu yako, usizifiche ndani ya wastani.