Usajili wa jina ukiisha, gemu bado lina mwenyewe

Kaka, umeuliza kama unaweza kutoa gemu lako kwa jina la gemu la zamani, maadamu kampuni imeacha usajili wa alama yake ya biashara uishe huko Marekani. Usikimbilie. Kilichoisha ni usajili wa jina tu. Wahusika, michoro na muziki viko chini ya hakimiliki, ambayo kwa kazi za kampuni kwa kawaida hudumu miaka 95 tangu kutolewa. Jina nalo, miaka 3 mfululizo bila kutumika huhesabiwa dalili ya kutelekezwa, ila kampuni ikiwa bado inaliuza gemu hilo mtandaoni, hoja yako inayumba. Na hawa watu huamka! F-Zero, gemu la mbio za magari yanayoelea, ilikaa bila toleo jipya tangu 2004, kampuni yake Nintendo wakairudisha 2023. Buni jina lako. Mbio za magari yanayoelea hakuna aliyezisajili.