Maswali ya Wasomaji: Mizizi ya Kigiriki na Kilatini, na Tamathali za Semi

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu wilayani Masindi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa orodha ndefu ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini tuikariri. Naikariri usiku, lakini baada ya wiki chache yote hunitoka kichwani. Je, kuna njia nyingine ya kujifunza? Na mizizi hiyo ina faida yoyote kwetu tunaosoma pia Kiswahili?

Jibu: Mwanangu, mizizi hiyo inakutoka kwa sababu umeijua mmojammoja, bila kuijua jamaa yake. Iweke kando orodha kwa sasa. Chukua neno moja unalokutana nalo darasani, ulichambue, kisha ufuate kila sehemu yake mpaka ikufikishe kwenye neno jingine.

Wewe unaishi karibu na maporomoko ya Murchison, ambako viboko ni wengi katika Mto Nile, kwa hiyo anza na jina la kisayansi la kiboko, *Hippopotamus amphibius*, ambalo lilisajiliwa na Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1758. Humo mna mizizi minne ya Kigiriki: *hippos* ni farasi, *potamos* ni mto, *amphi* ni pande zote mbili, na *bios* ni uhai. Ukiiunganisha unampata farasi wa mtoni mwenye maisha ya nchi kavu na ya majini, na hapo jina lililokuwa la kukariri limegeuka kuwa maelezo ya mnyama unayemfahamu. Sasa fuata kila mzizi. Katika somo la historia, *potamos* inakupeleka Mesopotamia, nchi iliyo katikati ya mito ya Tigris na Frati, kwa kuwa *mesos* ni katikati. *Hippos* inakupeleka kwenye jina Filipo, yaani mpenda farasi, na *philos*, mwenye kupenda, inakuvusha hadi filosofia, kwa sababu *sophia* ni hekima. *Bios* nayo imo katika baiolojia na katika antibiotiki, ambapo *anti* ina maana ya dhidi ya. Kutokana na jina moja la mnyama umekwisha kupata mizizi minane, na kila mmoja una mahali pake pa kukaa kichwani.

Kuhusu Kiswahili, faida ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa maana mizizi hii iliingia katika lugha yetu zamani kupitia Kiarabu na Kireno, na baadaye kupitia Kiingereza. Karatasi inatokana na *khartes* ya Kigiriki na sabuni inatokana na *sapo* ya Kilatini, na yote mawili yalipitia Kiarabu kabla ya kutufikia. Mfano ninaoupenda zaidi ni askofu. Neno hili linatokana na *episkopos*, mtu anayetazama kutoka juu, yaani mwangalizi, na sehemu yake ya pili, *skopein*, kutazama, ndiyo iliyomo katika mikroskopu unayoitumia maabara. Waganda wa Kanisa la Uganda walimwita kiongozi huyo *Omulabirizi*, kutokana na *okulabirira*, kuangalia na kutunza, ambalo nalo limejengwa juu ya *okulaba*, kuona. Basi anayejua Luganda tayari anajua namna Wagiriki walivyoliunda neno lao, na mwalimu anayeanzia hapo atakuwa amempunguzia mwanafunzi nusu ya kazi.

Kwa Kilatini fanya vivyo hivyo: anza na *centum*, mia, iliyo ndani ya senti na sentimita, au *docere*, kufundisha, iliyo ndani ya daktari. Uwe na daftari, kila mzizi uupe ukurasa wake, na usiandike neno lolote humo kabla hujalikuta katika sentensi uliyoisoma mwenyewe.

Swali: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Gulu. Wanafunzi wangu wanaweza kuzitaja tamathali zote za semi na kuzitolea fasili, lakini nikiwapa shairi wasilolijua hutaja tu kwamba kuna tashihisi (kukipa kisicho mtu tabia za mtu) au takriri (kurudiarudia sauti au maneno), kisha hunyamaza. Niwasaidieje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, shida hii iko pia katika shule nyingi, na kwa maoni yangu inatokana na kuwapa wanafunzi jina la tamathali kabla hawajahisi kazi yake. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unatutaka tukuze umahiri, na kujua majina pekee si umahiri.

Jaribu kuwapa sentensi mbili zinazosimulia jambo moja, bila kutaja tamathali yoyote. Ya kwanza: "Ziwa lilichafuka na mitumbwi ikazama." Ya pili: "Ziwa liliamka na hasira, likaja kudai mitumbwi yake." Waulize kilichobadilika. Watakwambia kwamba katika sentensi ya kwanza wavuvi wamekumbwa na hali ya hewa, na katika ya pili wamefuatwa na mdai. Waendelee kuulizwa: mdai hudai nini? Hudai kilicho chake. Basi mitumbwi ilikuwa ya nani tangu mwanzo? Kwa neno moja tu, "yake", mwandishi amewafanya wavuvi kuwa wadeni wa maji yanayowalisha, na huruma yetu kwao imechanganyika na hofu. Darasa likishafika hapo ndipo jina tashihisi linapofaa kuandikwa ubaoni, kwa sababu sasa lina kitu cha kuliita.

Takriri iingie kwa sikio. Wasome kwa sauti "Haba na haba hujaza kibaba" na wahesabu silabi "ba": inasikika mara nne, kama kwamba msemaji anaimimina nafaka kidogo kidogo, na ya mwisho inatua ndani ya kile kipimo chenyewe. Anayesikia hivyo hatasema tena kwamba takriri "huleta msisitizo" na kuishia hapo. Jibu hilo limezoeleka mno katika karatasi za mitihani, nami ningependa tulikatae mpaka mwanafunzi aseme kinachosisitizwa ni nini, na kwa nini mahali hapo.

Uwatahadharishe pia kuhusu neno "kama". "Alifika mapema kama tulivyokubaliana" si tashbihi, wala "Amevaa sare kama ya dada yake" si tashbihi, kwa sababu vitu viwili vya namna moja vimelinganishwa kwa maana yake ya kawaida. Tashbihi huwakutanisha wasiofanana ili tabia ya mmoja imwangazie mwenzake.

Swali: Ninasomea ualimu mjini Mbarara. Majina ya tamathali yananichanganya, kwa sababu Kiingereza yana majina yake na Kiswahili yana mengine. Je, mizizi inaweza kunisaidia hapa pia, au inaweza kunipotosha?

Jibu: Yote mawili. Inasaidia, kwa sababu majina hayo yenyewe ni maelezo. Metafora ya Kiingereza inatokana na *metapherein*, kuhamisha kitu kutoka mahali hadi pengine, na istiara yetu inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Mgiriki aliona neno likihamishwa, Mwarabu aliona neno likiazimwa kwa muda, na ukiyaweka mawazo hayo mawili pamoja umeielewa tamathali yenyewe. Tashihisi imetoka katika *shakhs*, mtu. Jina lake la Kiingereza, *personification*, limetoka katika *persona*, neno la Kilatini lililotumika kwa kinyago cha mwigizaji. Oksimoroni, yaani kuweka pamoja maneno yanayopingana, imeunganisha *oxys*, kali, na *moros*, butu au pumbavu, hivyo jina ni mfano wa jambo linalolitaja.

Lakini *oxys* hiyohiyo imo katika oksijeni, na hapo inapotosha. Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa wa karne ya 18, aliiita hewa hiyo "mzalishaji wa asidi" akiamini kwamba kila asidi ina oksijeni. Haidrokloriki ni asidi kali na haina oksijeni hata kidogo. Atomu nayo ina maana ya kisichokatika, ilhali mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kwamba hugawanyika. Mzizi hutuonyesha waliolipa kitu jina walikuwa wanafikiri nini. Maana ya leo hutafutwa katika matumizi ya leo.

Jihadhari pia na mizizi inayofanana kwa sura tu. *Homo* ya Kilatini ni mtu, *homos* ya Kigiriki ni sawa. *Pedis* ya Kilatini ni ya mguu, ndiyo iliyomo katika pedali ya baiskeli, ilhali tawi la tiba ya watoto limeitwa kwa *pais* ya Kigiriki, mtoto, ambayo katika maneno ya kuunganishwa huwa *paid-*. Ukikuta mzizi unaoushuku, uliza kwanza ni wa lugha ipi, na kamusi yoyote nzuri yenye asili za maneno itakujibu.